Wasuluhishi wa Mjadala Wetu

Mkuu wa idara yetu alipotueleza mpango ule nilimwomba aurudie. Akaurudia, na bado sikuuelewa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wametawanyika kwenye mazoezi ya kufundisha, wengine Tinde, wengine Samuye, wengine mbali huko Bukombe na kwenye vijiji vya machimbo ya Geita, na hawangeweza kuja darasani. Kwa hiyo sisi walimu tungejadiliana wawili wawili kwenye jukwaa la chuo mtandaoni, wanafunzi wakitusoma. Wangevutiwa na mjadala wetu, wangeingia, nao wangejadili.

"Tujadiliane jambo gani?" niliuliza.

"Jambo ambalo hamkubaliani, Mzee."

"Na kama tunakubaliana?"

"Basi tafuteni."

Walimu vijana walicheka. Mimi niliandika katika daftari langu: tafuta kutokubaliana. Nililelewa seminari miaka sita kabla Mungu hajanionyesha kwamba wito wangu ulikuwa ndoa na ubao, na kule tulifundishwa kwamba wakubwa wakitofautiana hufunga mlango kwanza. Nyumbani kwetu nako, baba na baba mdogo walipoanza kupandishiana sauti, sisi watoto tulitumwa kuangalia ng'ombe, hata kama ng'ombe walikuwa zizini. Sasa nilikuwa mstaafu niliyerudishwa kwa mkataba kufundisha Maadili ya Ualimu, na kila asubuhi nilimshukuru Mungu kwamba bado kuna watu wanaoniita mwalimu. Sikutaka kuwa yule mzee anayekataa kila kipya. Nikasema sawa.

Nilipangwa na mwalimu wa saikolojia ya elimu, mwanamke wa umri wa binti yangu wa tatu, mzaliwa wa Shinyanga mjini katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu ambao babu yao alikuja na reli kutoka pwani. Tulikaa kantini tukanywa chai na kutafuta swali. Yeye ndiye aliyelipata: mwanafunzi akiacha shule na kwenda machimboni, je, mwalimu ana wajibu wa kumfuata?

"Mimi nitasema ndiyo," nikamwambia.

"Basi mimi hapana. Na nitakukaza, Baba. Usije ukanikasirikia."

"Nikukasirikie kwa lipi, mwanangu? Si mchezo tu?"

Jumatatu asubuhi nilikaa barazani na simu, nikaandika kwa kidole kimoja. Mke wangu alikuwa kando yangu akipeta mchele. Nilianza kwa kuwaamkia wote, wa imani yangu na wasio wa imani yangu, kisha nikaeleza kwamba mwalimu ni kama mchungaji, na mchungaji hahesabu waliobaki zizini akalala. Nikatuma. Chai yangu haijapoa, jibu likaja. Nikalisoma kwa sauti: "Sikubaliani kabisa na mwalimu mwenzangu."

Mke wangu aliacha kupeta. "Hajakuamkia?"

"Ni mtandaoni, Mama."

"Mtandaoni watu hawaamkiani?"

Sikujua. Nilimwambia nitauliza, lakini sikupata wa kumuuliza.

Wanafunzi nao waliingia siku hiyohiyo. Wa kwanza aliandika, "Shikamooni walimu wetu." Wa pili akaandika hivyohivyo, na wa tatu, mpaka darasa lote likapita mlango ule mmoja. Mimi niliona si adabu kuwaacha watoto wa watu bila jibu. Nikamwandikia kila mmoja marahaba yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka chaji ikaisha. Jioni mkuu wa idara alinipigia akiwa na furaha kubwa.

"Mzee, jukwaa lenu linawaka moto. Hakuna somo lenye ushiriki kama lenu."

"Tunamshukuru Mungu."

Baada ya dakika chache akapiga tena. "Mzee, nimefungua nikasoma. Hizi ni salamu."

"Ndiyo."

"Salamu hazina alama. Waambie waandike hoja."

Niliwaambia. Kikafuata kimya. Mfumo wa chuo ulionyesha kwamba wote wanasoma, kila neno, ndani ya saa ileile lilipoandikwa. Hakuna aliyegusa hata nukta.

Jumanne mwenzangu alikaza kama alivyoahidi. Aliandika kwamba njaa ndiyo inayomtoa mtoto darasani, si shetani, na kwamba mtu aliyelishwa na wamisionari tangu utoto hawezi kulijua hilo. Niliisoma sentensi ile nikiwa nimesimama. Nikaenda kunawa uso, nikarudi, nikaisoma tena. Kisha nikamjibu kwamba mwalimu asiyemfuata anayepotea ni mchungaji wa kuajiriwa, yule anayekimbia akimwona mbwa mwitu.

Siku iliyofuata tulikutana kwenye korido ya ofisi.

"Shikamoo Baba. Umeamkaje? Mama hajambo?"

"Marahaba. Hajambo."

Alipiga goti kidogo kama siku zote, akapita na vitabu vyake. Nilibaki pale nikijaribu kuwaunganisha watu wawili, huyu aliyenipigia goti na yule wa kwenye simu. Niliporudi mezani nikakuta ameshaandika tena, na hakuwa amelegeza hata kidogo. Nikajiuliza kama mimi mwenyewe nilikuwa nacheza, au nilikuwa nimeacha kucheza tangu Jumanne bila kujitaarifu.

Jumatano hiyohiyo mkuu wa idara alitoa tangazo. Jukwaa lingejifunga lenyewe Ijumaa saa sita mchana, na ambaye hatakuwa ameandika hoja atapata sifuri. Kwa wengi sifuri hiyo ingeuma na kupona. Kwa mmoja isingepona. Alikuwa mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, aliyepangwa kwenye shule ya kijiji kimoja cha machimbo huko Geita, ambako mume wake ni mchimbaji. Alikosa jaribio moja kwa kuwa alilazwa hospitali. Akipata sifuri na hapa, alama zake za muhula hazingefika pa kumruhusu kuingia chumba cha mtihani, na angerudia mwaka. Na kurudia hakuwezekani. Aliwahi kuniambia hivyo ofisini bila kulalamika, kama mtu anayetaja umri wake: mume wake alikubali miaka mitatu, na minne hakukubali.

Nikampigia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mbona kimya jukwaani?"

"Tunasoma, Mwalimu. Tunasoma yote."

"Kusoma hakuna alama. Andika."

Nyuma yake nilisikia karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ikinguruma.

"Mwalimu, wazazi wakiwa wanagombana mtoto anapita wapi?"

"Hatugombani. Ni mjadala."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nimefundisha zaidi ya miaka arobaini. Naijua ndiyo ya namna hiyo.

"Mkuu wa idara ndiye aliyetuagiza," nikasema.

"Aliwaagiza mgombane?"

"Alituagiza tusikubaliane."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini usiwe na wasiwasi. Wenzetu wa Samuye wameshapata mtu."

"Mtu wa nini?"

Mtandao ukakatika. Nilipiga mara nyingi, haikupatikana tena.

Alhamisi saa nne asubuhi pikipiki ilisimama nje ya nyumba yangu. Alishuka kiongozi wa darasa, kijana mpole aliyekuwa mazoezini Samuye, na nyuma yake mzee mmoja wa makamo yangu, mwembamba, na koti lake la kwenda kanisani. Mkononi alishika jogoo aliyefungwa miguu. Kijana alimtambulisha kwamba huyu ni mdogo wa babu yake, na kule kwao ndiye anayekalisha watu waliokosana.

"Mwangaluka," mzee akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Karibuni."

Hatujakaa vizuri, bajaji ikaja. Alishuka mwalimu mwenzangu, anahema, ushungi umemkaa upande.

"Baba, nimeambiwa unaniita haraka. Kuna msiba?"

"Sikukuita."

Sote wawili tukamgeukia kiongozi wa darasa. Alikuwa anasoma kalenda ya parokia ukutani kwa makini sana.

Mke wangu alileta viti na maji. Mzee alimlaza jogoo chini karibu na mguu wake, akasema kwamba hajui kusoma vizuri, ila amesomewa. Amesomewa ya Jumatatu, ya Jumanne na ya Jumatano, na mengine aliomba yarudiwe. Wanafunzi wamekaa wanaogopa. Wamemwambia walimu wao wawili wamekosana mbele ya watu, na hakuna mkubwa anayewakalisha.

Mwenzangu aliziba mdomo kwa kiganja, anacheka. "Babu, sisi tulikuwa tunafundisha."

"Sawa. Mlikuwa mnafundisha. Nani alianza?"

"Mkuu wa idara," nikasema.

Kijana akakohoa.

"Huyo hayupo hapa," mzee akasema. "Mwalimu, huyu binti aliandika kwamba wewe umelishwa na wamisionari, hujui njaa. Lilikuuma?"

Nilifungua mdomo niseme hapana. Ingekuwa rahisi, na tungecheka wote, tukanywa chai, wakaondoka. Lakini nimezoea kuungama, na mtu akizoea kuungama, swali la moja kwa moja humkuta hana pa kujificha.

"Liliniuma," nikasema. "Mwaka mmoja wa ukame mama yangu alikuwa anatuchemshia majani. Mimi ndiye niliyechukuliwa seminari. Wadogo zangu walibaki na majani yao. Kwa hiyo amesema uongo na amesema kweli, na sijui ni kipi kilichoniuma."

Mwenzangu aliacha kucheka.

"Na wewe, binti. Aliandika kwamba asiyemfuata aliyepotea ni mchungaji wa kuajiriwa. Lilikuuma?"

Alimwangalia jogoo muda mrefu. "Kaka yangu alikwenda machimboni nikiwa darasa la tano," akasema taratibu. "Baba alisema aachwe, dunia itamfundisha. Hajarudi mpaka leo. Baba alikuwa mtu mwema."

"Mbona hukuniambia tulipokuwa tunachagua swali?" nikamuuliza.

"Nilidhani swali halimhusu kaka."

Sikujua kama siku zile tatu alikuwa anamtetea baba yake au anamlilia kaka yake. Nilimtazama usoni, nikaona naye hajui.

"Basi ugomvi ulikuwepo," mzee akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza hesabu. "Watoto hawakukosea."

Akatusimamisha. Nilimwomba radhi mwenzangu kwa neno la mchungaji wa kuajiriwa, naye akaniomba radhi kwa neno la wamisionari, tukashikana mikono. Mkono wake ulikuwa baridi. Mke wangu alimwita jirani yetu Mwislamu aje kumchinja jogoo ili wote tule, na saa saba tulikaa mkekani mbele ya sinia moja la ugali, mimi bado nikijiuliza kama nilikuwa kwenye suluhu au kwenye kipindi cha Maadili ya Ualimu. Mzee alikula kwa utulivu. Alipokuwa ananawa akasema, "Sasa waambieni watoto. Palepale walipowaona."

Tukaandika pamoja, mwenzangu akiibofya simu kwa vidole vyake vyepesi na mimi nikitaja maneno: kwamba sisi walimu wawili tumekaa mbele ya mzee, tumeombana radhi, yameisha. Ndani ya dakika chache jukwaa lilijaa. Amina. Alhamdulillahi. Mungu ni mwema. Wengine walituma picha za viganja vilivyokutana. Kisha mkuu wa idara akanipigia.

"Mzee, mmefanya nini? Naona mmepatana."

"Ndiyo, tumepatana."

"Lakini mlitakiwa mtofautiane mpaka Ijumaa."

"Bado tunatofautiana. Yeye anasema asifuatwe, mimi nasema afuatwe. Ila tumepatana."

"Mzee, sikuelewi."

"Hata mimi."

Lakini baada ya zile amina, hoja zikaanza kuja. Mmoja wa Tinde aliandika kwamba alimfuata mwanafunzi wake akafukuzwa na mbwa. Mwingine akamjibu kwamba mbwa si hoja. Watatu wakaungana na mwenzangu dhidi yangu, kwa adabu, na wawili wakaja upande wangu kwa maneno makali ambayo nisingeyasema mimi. Nilikuwa nasoma na kushangaa. Watoto hawa walikuwa na haya yote vichwani siku tatu nzima, wakingoja njia isafishwe.

Ijumaa saa tano wote walikuwa wameandika, isipokuwa yule mama wa Geita. Nilimpigia, hapatikani. Nikakaa barazani na rozari mkono mmoja na simu mkono mwingine, nisijue ipi niitazame. Ilipobaki robo saa, simu ikalia mara nne. Ulikuwa ujumbe mfupi wa kawaida, umekatwa vipande vinne. Alisema jukwaa limekataa kufunguka tangu jana, huko kwao unapita ujumbe mfupi tu, na ananiomba nimfikishie haya:

"Nikiwa darasa la sita mama alinihamishia machimboni, tukawa tunawapikia wachimbaji. Mwalimu wangu alinifuata kwa baiskeli. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya viroba vya mawe. Mara ya pili nilijificha palepale, akaongea na mama, akaondoka. Mara ya tatu nilivaa sketi ya shule nikakaa mlangoni. Hakuja. Nilimngoja wiki nzima. Nilirudi shule mwenyewe baada ya miaka minne. Walimu wangu, sijui hoja yangu iko upande wa nani. Angeniacha tangu mwanzo nisingengoja. Angekuja mara moja zaidi nisingepoteza ile minne."

Nilianza kuyahamishia jukwaani kwa kidole changu kimoja, neno kwa neno, nikiogopa kukosea hata herufi. Nilituma wakati kengele ya parokia inaanza kugonga saa sita. Nikasimama nikasali Malaika wa Bwana, nikashukuru kwa sauti.

Saa nane mkuu wa idara alinipigia. Wote wameshiriki, alisema, isipokuwa mmoja. Akamtaja.

"Ameandika," nikasema. "La mwisho kabisa. Lile la mwalimu wa baiskeli."

"Mzee, lile umeliandika wewe. Lina jina lako. Mfumo unasema wewe ndiye uliyehamia machimboni na mama yako ukiwa darasa la sita."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimehangaikia maneno yake yote, na sikufikiria kabisa kwamba jukwaa halijui nani anasema, linajua simu ya nani. Nilimpigia mwenzangu alipotoka sala ya Ijumaa, nikamweleza. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nikute chuoni, Baba."

Ofisini mkuu wa idara alisoma zile jumbe nne kwenye simu yangu, akaniuliza saa zilipoingia, akazisoma tena. Si mtu mbaya. Alifungua kabati akatoa fomu ya maombi maalumu. Sote wawili tungetia saini, naye angegonga muhuri na kuipeleka ofisi ya taaluma. Ila palikuwa na mstari mmoja wa kujaza kwanza: sababu ya mwanafunzi kutoshiriki.

"Andika mtandao," nikamwambia mwenzangu.

"Si kweli, Baba."

"Ni kweli. Jukwaa lilikataa kufunguka kwake."

"Lilikataa tangu jana. Jumatatu mpaka jana asubuhi lilikuwa linafunguka, na alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu yetu."

"Tukiandika hivyo wanaweza kuikataa. Huyu mama hana mwaka mwingine."

"Tukiandika uongo wakagundua, wataikataa na yeye ataonekana mwongo."

Tulibishana pale mezani, kalamu ikihama kwake na kurudi kwangu. Mkuu wa idara alijiegemeza kwenye kiti akatutazama. "Haya ndiyo niliyoyataka jukwaani," akasema.

Mwishowe niliona mwenzangu ana haki, na sikufurahi. Niliandika kwa mkono wangu: Walimu waligombana. Mwanafunzi alisubiri wapatane. Walipopatana, mtandao wa kwake ulikuwa umekatika. Tukatia saini, jina langu na lake.

Mkuu wa idara alisoma. "Mlisema ni mjadala."

"Wewe ndiye uliyesema mjadala," mwenzangu akamwambia.

Akaishika ile karatasi muda, kama mtu anayepima uzito wake. Kisha akagonga muhuri na kutoka nayo mwenyewe. Aliporudi alisema mkuu wa taaluma ameuliza maswali mengi, mengine hakuwa na majibu yake, lakini amekubali. Ataingia mtihani.

Nilitoka nje nikapiga. Safari hii ilipatikana.

"Wamekubali," nikamwambia. "Utafanya mtihani na wenzako."

Karasha ilikuwa inanguruma kama juzi. Sikumsikia akipumua, nikadhani mtandao umekatika tena.

"Upo?"

"Nipo, Mwalimu. Ngoja nimkimbilie baba watoto nimwambie kabla hajashuka duarani, kule shimoni. Akishuka hatoki mpaka kesho."

Akakata bila kuaga. Nilisimama uani na simu mkononi, nikimshukuru Mungu kwa ajili yake. Yale mengine yote ya wiki ile nilimwachia Yeye, maana mimi sikujua niyaite nini.